Gunia na Sheria ya Mbwa Wakali

Katika mtaa wetu hakuna mtu anayewajua mbwa kama mimi. Nimeumwa na watatu, na huyo wa tatu alinikamata nikiwa katikati ya kumweleza mwenyewe kwamba mbwa wake hana neno. Basi mjue mapema mnapewa habari hizi na mtaalamu wa namna gani.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu: mimi, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, na mbwa wetu Gunia. Mjukuu huyo mtaa mzima ulimwita Kwanini, kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake tangu alipoota meno. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, alikuwa na kazi mbili, kufagia uwanja na kumwekea Gunia maji katika bakuli lake la bati. Kazi ya tatu hakutumwa na mtu. Hiyo ilikuwa ni kuuliza.

"Bibi, kwa nini Gunia kabla ya kulala anazunguka mara tatu?"

"Anatafuta ufunguo."

"Bibi!"

"Sijui, mke mwenzangu. Mwulize mwenyewe akiamka."

Lakini Gunia kuamka ilikuwa habari nyingine. Alikuwa mbwa mkubwa, rangi ya mchanga uliolowa, kichwa kipana kama kigoda na taya nene, sikio moja limesimama na jingine limelala. Ukimwona kwa mbali ungegeuza njia. Ukimwona kwa karibu ungemruka, maana alipenda kulala katikati ya lango, na kila mgeni wetu alijifunza kuruka. Juu ya lango hilo nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Herufi ya mwisho ilisimama kwa upande kwa sababu bati liliniishia.

Jumamosi moja, Kwanini akiwa bado na ufagio mkononi, tukasikia sauti nje.

"Hodi! Hodi humo ndani! Mfungeni mbwa!"

Alikuwa afisa wa halmashauri ya mji, kijana mwenye faili kwapani na viatu vilivyong'aa mpaka ukaona aibu kwa niaba ya uwanja wako.

"Karibu, mwanangu, pita."

"Shikamoo, Bibi. Siwezi kupita mpaka mbwa afungwe. Nimesoma kibao."

"Marahaba. Pita tu."

Akapita. Aliinua mguu, akamruka Gunia kama mtu anayeruka dimbwi, kisha akasimama uwanjani akigeuza shingo huku na huku.

"Yuko wapi huyo pitibuli?"

"Umeshamruka," akasema Kwanini.

Afisa akageuka. Gunia alifungua jicho moja, akalitazama faili, akaona haliliki, akalifunga jicho lake.

Tulimpa afisa kiti, akatusomea. Halmashauri imepitisha sheria ndogo ya mbwa hatari. Kuna aina nne za mbwa ambazo kuanzia sasa haziruhusiwi kufugwa ndani ya mji, na pitibuli ni ya kwanza kwenye orodha. Mwenye mbwa wa aina hizo ana siku kumi na nne za kumtoa mjini. Zikipita, halmashauri itakuja kumchukua.

"Mkishamchukua, mnampeleka wapi?" Kwanini akauliza.

Afisa akavitazama viatu vyake. "Hilo, mdogo wangu, usiniulize."

Kwanini si mtoto wa kuambiwa usiulize. Lakini safari hiyo aliuacha ufagio. Alikwenda akaketi chini karibu na Gunia, akaweka mkono juu ya lile sikio lililolala.

"Ngoja, baba," nikasema. "Huyu si pitibuli. Huyu ni koko. Koko wa kuzaliwa, baba yake koko, mama yake koko."

Afisa akafungua faili, akatoa karatasi. "Hili ni daftari letu la chanjo, Bibi. Jina la mbwa: Gunia. Aina: pitibuli. Sahihi ya mwenye mbwa ni hii. Si yako?"

"Inafanana."

"Bibi, miaka miwili iliyopita uliapa mbwa huyu ni pitibuli. Leo unaapa ni koko. Mimi nishike kiapo kipi?"

Nikaanza kuokota majani uwanjani ambayo Kwanini alikuwa ameshayafagia. 

"Na si hilo tu," akaendelea. "Kuna lalamiko. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu kutoka hapa ameandika kwamba Jumanne mbwa huyu alimrukia na kumrarulia suruali."

Fundi huyo ndiye tuliyemwita Fundi Kesho, kwa kuwa ukienda kuchukua nguo yako jibu ni hilo hilo, hata kama uliipeleka ukiwa mchumba na sasa una watoto. Kwa heri nyingi afisa akaondoka, akamruka Gunia mara ya pili, safari hii kwa heshima zaidi.

Kwanini alinigeukia. "Bibi, ulisema Gunia ni pitibuli?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipojua neno lile dogo lina uzito gani likikuangukia wewe. Nikamweleza. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tulipanga foleni katika uwanja wa ofisi ya mifugo. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na mbwa anayeng'aa kama kiatu cha harusi. Karani alipomwuliza aina ya mbwa, akajibu, "Rotwaila," kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa mwisho wa foleni. Wote tukageuza shingo kwa heshima. Zamu yangu ikafika. "Aina?" Sasa mimi, na macho yote yale mgongoni, niseme koko? Ulimi ukateleza. Nikajipa na sababu kabisa: wezi wakisikia kwa bibi kizee kuna pitibuli, watapita mbali.

"Walipita mbali?"

"Waliiba ndoo wiki iliyofuata. Walimruka."

Siku nyingine angecheka mpaka aketi chini. Siku hiyo hakucheka.

Mchana nilimkuta mezani ameinama, ulimi nje, ana kifutio mkononi na kadi ya chanjo ya Gunia mbele yake. Alikuwa amesugua lile neno "pitibuli" kwa nguvu zake zote. Wino haukufutika, ulitanuka tu. Palipokuwa na neno palikuwa na wingu la bluu, na ndani ya wingu neno bado lilisomeka.

"Na daftari la ofisini utalifuta na nini?" nikamwuliza. "Weka kifutio chini. Bibi yako ana akili kuliko hiyo."

Akili yenyewe ilikuwa hii. Dada yangu anaishi shambani, mbali na mji. Tungempakia Gunia kwenye gari la mizigo asubuhi, na afisa akija tumwambie mbwa amekufa. Nilikuwa nimeshaanza hata kutunga ugonjwa uliomwua, na nilikuwa nimefika kwenye tumbo kuvimba, Kwanini aliponikatiza.

"Bibi, darasani kwetu kuna yule mvulana aliyeumwa."

Nilimjua. Mji mzima ulimjua. Alikuwa ametumwa mkate, mbwa wawili waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa wakatoka kwenye ua mbovu, na mpaka leo mkono wake wa kulia umo ndani ya bendeji. Sheria ilitungwa baada ya hapo.

"Sasa anaandika kwa mkono wa kushoto," Kwanini akasema. "Mwalimu anampa muda zaidi. Na unajua, Bibi? Majirani walikuwa wamemlalamikia yule mwenye mbwa kabla. Akawaambia amekwisha kuwapeleka shamba. Kumbe amewafungia uani."

"Gunia si kama wale."

"Tunajua sisi. Lakini kila mtu akificha mbwa wake na kusema amekufa, huyo afisa atamjuaje wa kweli? Na yule mvulana akitumwa mkate tena?"

Nikainuka kwenda kutazama maharagwe, ingawa nilijua vizuri kwamba hayajachemka. Mtu mzima naye huhitaji pa kuweka uso.

Niliporudi alikuwa na swali jipya. "Bibi, hiyo sheria umeisoma?"

"Si tumesomewa?"

"Afisa alitusomea ukurasa mmoja. Nimeona chini umeandikwa: moja kati ya tano."

Jumatatu baada ya shule hakuja moja kwa moja nyumbani. Alikwenda kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi za halmashauri. Alinisimulia baadaye jinsi watu walivyojazana pale, kila mmoja akiizungumzia sheria, na wote wakitazama ukurasa ule wa kwanza wenye picha za mbwa wanne. Mmoja alisema mbwa wote weusi watachukuliwa. Mwingine alisema paka nao wamo. Kurasa nne zilizobaki zilikuwa nyuma ya ule wa kwanza, zimebanwa pamoja kwa pini moja, na hakuna aliyejisumbua kunyoosha mkono. Kwanini akamwamkia mlinzi, akaomba ruhusa, akaichomoa pini. Alisimama pale na daftari lake la mazoezi mpaka miguu ikafa ganzi, akinakili.

Alifika nyumbani anahema. "Bibi, sikiliza! Kifungu cha tisa. 'Mwenye mbwa asiyekubaliana na aina iliyoandikwa anaweza kuomba mbwa huyo apimwe na daktari wa mifugo. Ataleta mbwa, ataleta ushahidi, na ataeleza ukweli kwa maandishi.' Tunaweza kuomba! Kumbe tunaweza kuomba!"

"Endelea."

"Kifungu cha kumi." Hapo sauti ikapungua kidogo. "'Mtu aliyetoa maelezo ya uongo kuhusu mbwa wake ametenda kosa, na atapewa adhabu.'"

"Hicho soma polepole. Kinanihusu mimi."

"Na cha kumi na moja. 'Mbwa yeyote, wa aina yoyote, aliyemshambulia mtu bila kuchokozwa, ni mbwa hatari.'" Akafunga daftari. "Kwa hiyo hata Gunia akiwa koko, bado kuna Fundi Kesho."

"Tuvuke mto mmoja kwanza," nikamwambia.

Mto wenyewe ulikuwa mimi. Nikichukua kalamu nijitaje kwamba nilisema uongo, nitapata adhabu ambayo siijui ukubwa wake. Nikikaa kimya, atachukuliwa mbwa. Mdomo ulioponza ni wangu, kichwa kinachotafutwa ni cha Gunia. Nikachukua karatasi nikaandika: Nilisema uongo. Maneno mawili tu hayo yalinichukua nusu saa, na wala si kwa sababu ya macho.

Ikabaki ushahidi. Neno langu peke yake lilikuwa limekwisha kupoteza thamani, na sina wa kumlaumu. Nilimwambia Kwanini nilikompata Gunia, naye siku ya pili akaenda huko, kwa muuza nyama.

Muuza nyama ni mtu mkubwa, mwenye mikono kama makasia na sauti nyembamba isiyolingana na mwili.

"Gunia? Yule wa bibi yako?" akasema huku akikata mbavu. "Mama yake alilala chini ya gogo langu hili miaka sita. Alizaa watano pale nyuma, penye mapipa. Baba yao ni yule mbwa wa njano wa stoo ya makaa."

"Walikuwa aina gani?"

"Aina ya kula mifupa yangu bila kulipa."

"Lakini kweli, mjomba. Pitibuli?"

Muuza nyama alicheka mpaka shoka likakaa upande. "Pitibuli! Yule mama yake alikuwa akimkimbia kuku! Siku bibi yako alipokuja kumchukua yule mtoto mvua ilikuwa inanyesha, nikamtia kwenye gunia asilowe. Ndiyo maana akaitwa hivyo. Bibi yako mwenyewe alinisaidia kulifunga."

"Utaniandikia hayo?"

Akaandika, juu ya karatasi anayofungia nyama, kwa herufi kubwa. Akatia sahihi, na bila kukusudia akatia na kidole chenye damu.

Jumatano tukapeleka ombi, tukaambiwa na mlalamikaji naye ataitwa, na Alhamisi tukaenda ofisi ya mifugo. Kwanini alimshika Gunia kwa kamba mpya, nami nikabeba kadi yake ya chanjo na karatasi mbili, yangu na ya muuza nyama. Katika uwanja tulimkuta daktari wa mifugo, mama mfupi aliyevaa viatu vya mpira mpaka magotini na futi ya kupimia mfukoni. Afisa wetu wa viatu vya kung'aa alikuwa pale na faili lake. Na kwenye benchi, akiwa na mfuko wa plastiki mapajani, alikaa Fundi Kesho. Tulimsalimia. Aliitikia akiangalia juu, kama anayehesabu mabati.

"Nani anaanza?" akauliza daktari.

"Mimi," nikasema, kabla moyo haujageuka. Nikasoma karatasi yangu kwa sauti. Nilipofika mwisho, na mwisho ulikuwa karibu, daktari akasema, "Asante, Bibi," basi, akapiga magoti kwenye mavumbi mbele ya Gunia.

Alianza kumpima, upana wa kichwa, urefu wa pua, kimo kutoka chini mpaka begani. Akatazama meno, akapapasa manyoya ya shingo, akaunyoosha mkia. Kila alichopima alikitaja, na afisa akaandika. Kwanini alivumilia mpaka kwenye mkia.

"Daktari, kwa nini mkia?"

"Kwa sababu mbwa hana cheti cha kuzaliwa. Nakusanya vipande vipande. Kichwa hiki ni kipana, kweli, lakini pua ni ndefu mno kwa pitibuli. Mkia umejikunja juu. Sikio hili limesimama. Hapa kuna mbwa wa kila kona ya mji. Hao ndio tunaowaita koko."

"Basi kama mbwa wengi wamechanganyika, kwa nini sheria inataja aina? Kwa nini isitaje tabia?"

Nilitaka kumfinya, lakini daktari aliiweka futi chini.

"Hata sisi wenyewe tunabishana juu ya hilo. Wapo wanaosema kuna mbwa waliozalishwa vizazi kwa vizazi ili wapigane, na wakiuma hawaachii, kwa hiyo afadhali wasiwepo mjini. Wengine wanasema mbwa yeyote anaweza kuuma, mtazame mmoja mmoja, na umtazame zaidi anayemfuga. Waliotunga sheria hii waliwasikiliza wote. Ndiyo maana mwanzo kuna orodha, na mbele kuna kifungu cha tisa na cha kumi na moja. Umevisoma?"

"Nimevinakili."

Daktari akamtazama afisa. Afisa akatazama faili lake. Nahisi ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia kuna ukurasa wa tatu.

Kisha likaja jaribio la tabia. Daktari alifungua mwavuli ghafla mbele ya uso wa Gunia, pwaa! Afisa aliruka. Gunia aliingiza kichwa chini ya gauni langu, sehemu nyingine zote za mwili akaziacha nje, akaridhika kwamba amejificha. Halafu akawekewa chakula, na daktari akalisukuma lile bakuli kwa fimbo yenye glovu ya mpira mwishoni, kuona kama atauma glovu. Gunia aliinuka, akalifuata bakuli lilikokwenda, akailamba ile glovu kwa kuwa nayo ilikuwa imeonja mchuzi. Kutoka hapo akanusa mkononi mwangu ile karatasi ya muuza nyama, na kama Kwanini asingeiwahi, ushahidi wote ungekwenda tumboni.

"Andika," daktari akamwambia afisa. "Si pitibuli. Ni koko, umri kama miaka mitano, afya nzuri, mvivu. Ushahidi wa muuza nyama unakubaliana na vipimo."

Kwanini alimkumbatia Gunia shingoni. Daktari akanigeukia mimi.

"Sasa, Bibi. Mbwa hawezi kujieleza yeye ni nani. Sisi tunategemea mdomo wa mwenye naye. Wewe ulisema neno moja la kujigamba mbele ya foleni, ukasahau, ukaenda zako. Neno lako likabaki ndani ya daftari likimngoja mbwa wako miaka miwili. Na si yeye tu. Tukijaza daftari letu pitibuli wa uongo, siku akija wa kweli tutamwona kama hao wengine, na atakayeumwa ni mtoto wa mtu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

"Adhabu yako ni hii. Siku ya chanjo ijayo utakaa hapa na karani tangu asubuhi hadi jioni. Kila atakayetaja aina ya mbwa wake, utamsimulia habari ya Gunia kabla hajatia sahihi. Na kile kibao chako kishuke."

Nilikubali. Kukaa siku nzima nikisimulia watu habari, na wao hawaruhusiwi kuondoka! Nilijitahidi uso wangu uonekane wa mtu aliyeadhibiwa.

"Na wewe, binti," daktari akaendelea, "najua ulijaribu kuifuta kadi. Nimeiona. Ukweli ulikuchosha miguu zaidi ya kifutio, sivyo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Lakini umekufikisha."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wa kuaga, afisa akakohoa. "Bado lalamiko. Kifungu cha kumi na moja. Akithibitika alimrukia mtu, koko au si koko, mbwa habaki mjini."

Mikono ya Kwanini ikakaza kamba. Fundi Kesho akasimama, futi yake ya kazi ikining'inia shingoni.

"Waheshimiwa," akaanza, "mimi sina ugomvi na bibi huyu. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, nilikuwa napita zangu barabarani, mbwa huyu akaruka lango kama chui, akanikamata hapa, paja la kushoto."

"Akaruka?" Afisa akamtazama Gunia, ambaye wakati huo alikuwa amelala chali.

"Kama chui! Mungu tu ndiye aliyeniokoa. Meno yalichukua kitambaa, nyama ikapona. Suruali yenyewe niliyokuwa nimevaa ni hii hapa."

Akaitoa kwenye mfuko, akaikunjua. Ilikuwa suruali nzuri ya kijivu, mpya, na mbele, karibu na mfuko wa kushoto, palikuwa na tundu unaloweza kupitisha ngumi, kingo zake zimechanika-chanika.  Tundu lilikuwa tundu kweli.

"Shikamoo, Fundi," akasema Kwanini. "Naomba niishike."

"Hiki si kitu cha kuchezea watoto."

"Mpe," daktari akasema.

Kwanini akaichukua. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akaweka kidole kwenye tundu. Halafu akafanya kile anachofanya kwa kila kitu kinachopita nyumbani kwetu, kuanzia saa ya ukutani hadi kuku wa kuchinja: akaigeuza ndani nje. Mfuko wa kushoto ukaning'inia, mweupe. Juu ya weupe ule palikuwa na alama ya kahawia, upande mmoja pana, upande mwingine imechongoka kama mtumbwi.

Akaikaribia kwa pua. "Inanuka moshi. Bibi, kwa nini meno ya Gunia yameacha alama ya pasi?"

Afisa akainama. Daktari akainama. Mimi nikainama pia, ingawa mgongo haukutaka.

"Aa, hiyo," Fundi Kesho akasema, "hiyo niliipiga pasi baadaye. Baada ya kuumwa. Nikaona siwezi kuja ofisini na suruali yenye mikunjo."

"Ulilipiga pasi tundu?" akauliza afisa.

"Pembeni ya tundu."

"Na ulikuwa umeivaa wewe, Jumanne?"

"Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu hii."

Daktari aliichukua suruali, akaifungua kiunoni, akaishikilia mbele ya Fundi. Fundi Kesho ni mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Kiuno kile kingetosha mafundi wawili na mwanafunzi wao.

"Ni ya mteja," Kwanini akasema polepole, kama mtu anayesoma mstari uliofifia. "Uliiunguza, Fundi. Ukakata palipoungua. Halafu mteja akaja."

Fundi Kesho akalishika tundu kwa vidole viwili, akijaribu kulikutanisha, kana kwamba likifungwa sasa hivi maneno yote yatarudi alikoyatoa. "Mteja mwenyewe alikuja juu sana," akanong'ona. "Na mbwa alikuwa amelala tu pale njiani, nikamruka nikiwa na mawazo…"

Afisa hakungoja amalize. Alichora mstari juu ya karatasi ya lalamiko kutoka pembe hadi pembe. "Mbwa arudi nyumbani," akasema. Kwanini akaficha uso katika shingo ya Gunia, na nikaona mabega yake yanatikisika, sijui kwa kucheka au kwa lile jingine.

Daktari wa mifugo aliikunja ile suruali vizuri, akamrudishia mwenye cherehani. Halafu akachukua daftari la chanjo, akalifungua ukurasa mpya, akashika kalamu tayari.

"Na hiyo pasi yako, Fundi," akamwuliza kwa upole, "imechanjwa?"